Radi Haambiliki

Jumatatu, 3 Machi 1975
Daftari, nisamehe. Tangu Krismasi sijakugusa. Aloyo anaota meno, mimi naota usingizi.

Lakini kuna jambo. Mume wangu Okeny ni askari wa farasi, na farasi wake Radi haendi! Anasukumwa, anachapwa, anatazama majani tu. Afande Ogwal kasema Jumamosi ni ukaguzi: Radi asipotii, Okeny anapelekwa mpakani, peke yake. Nibaki hapa kambini Nsambya na mtoto wa miezi minane? Hapana!

Nina mpango. Farasi ni kama mtoto. Fimbo ya nini? Sauti!

Jumanne, 4 Machi
Okeny kalala, katoka zamu. Nikaenda bandani, Aloyo mgongoni. Amri mbili tu: Twende, Simama. Sauti ileile, bila kelele. Akitii, kipande cha muwa. (Sukari? Hata ya chai hatuna.)

Mara kumi, wapi! Ya kumi na moja Aloyo akalia, nami nikasema Twende. Akaenda! Kumbe nina kipaji.

Alhamisi, 6 Machi
Radi anatii kila mara. Aloyo naye analia kila mara, maskini. Jino la juu.

Jirani yangu Alum kapita na ndoo. Farasi wa mumewe hutembea kama bibi harusi, basi maringo! Kaniuliza siku hizi naposa farasi? Nikamjibu angalau huyu ananisikiliza, wake je? Kaondoka akimwaga maji.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Aloyo nilimwacha kwa Alum, mgongo upumue. Okeny akasema Twende. Radi hata hatua. Nikaomba ruhusa, nikasema mimi. Wapi! Afande akatoa kalamu aandike uhamisho.

Mara Alum huyo, mbio, mtoto kamshinda, analia kama king'ora. Radi akasimamisha masikio, akaenda! Aloyo kunyamaza, farasi naye tuli. Afande akacheka mpaka kofia ikaanguka. Okeny habanduki! Ila kila alfajiri mimi na Aloyo tuwe uwanjani, mpaka Radi amzoee Okeny.

Jumapili, 9 Machi
Okeny kachota maji mwenyewe, anaimba. Alum anatangaza kwamba mwalimu ni Aloyo. Wivu! Sauti ilikuwa yangu.

Sasa, kama farasi kaweza, mbuzi atashindwa kubeba maji kwa amri? Kesho namwandikia mama kule Kitgum anitumie: kamba pima tatu, vibuyu viwili vyenye vifuniko, simsim kibaba kimoja cha kuwatuza wakitii, na mbuzi wawili, wenye masikio makubwa.