Kura za Mama Capitoline

Jumapili, 2 Juni

Leo saa tisa, kwenye kipindi cha rumba ya zamani, mtangazaji Noella ametoa habari kubwa. Sisi tunaopiga simu kila Jumapili tutakuwa klabu. Jumapili ijayo tutachagua prezida, hewani, kwa simu. Kwa furaha nimekata suruali ya mteja fupi mguu mmoja.

Sijawahi kuona uso wa hata mmoja wao. Nawajua kwa vikohozi. Nawapenda wote, isipokuwa Bruno wa Kavimvira, fundi simu, anayedai kwamba roho ya rumba ni gitaa la solo. Ni besi. Hata kipofu wa masikio anajua.

Prezida ni mimi. Nina mtu wangu: Mama Capitoline wa Runingu, mjane, mkulima wa maharage. Hayupo duniani. Ni mimi, na laini ya pili ya simu, na kipande cha kitenge mdomoni. Tangu Pasaka anapiga kumsifu Vainqueur, fundi cherehani wa Mulongwe, yaani mimi. Ili watu wampende, nimempa marehemu mume aliyemchumbia kwa wimbo mmoja wa rumba, akiupiga mluzi kando ya shamba la baba yake.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu Claudette amenikuta jikoni nikifanya mazoezi. Aliuliza: "Baba Gikundiro, hii sauti iko ya mama gani?" Nikasema ni ya kwaya. Akanikumbusha kwamba kwaya ilinifukuza mwaka jana. Kisha akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia kutoka hapa hadi Runingu si karibu. Hakucheka.

Jumapili, 9 Juni

Mama Capitoline, kura thelathini na moja. Bruno, sita. Mimi, mbili.

Kati ya hizo mbili, moja niliipiga mwenyewe na nyingine aliipiga Mama Capitoline.

Hata Bruno alimpigia yeye. Alisema ndiye pekee kwenye redio ile anayeacha wimbo uishe kabla ya kuongea. Igiraneza, mwimbishaji wa kanisa kule Rurambo, ambaye kila wiki anaomba jina lake lisitajwe na kila wiki analitaja mwenyewe, alisema mama yule anamfariji. Kura thelathini na moja ni zangu, ukifikiri vizuri. Nimefikiri vizuri na bado nina hasira.

Jumatatu, 10 Juni

Noella amepiga laini ya pili nikiwa sokoni. Ikabidi nijibu kwa sauti ya mama, kitenge mdomoni, mbele ya wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Mmoja alilivuta beseni lake mbali nami. Noella akasema klabu itakwenda Runingu Jumamosi kumpongeza prezida. Nikasema msije, nina homa.

Mjinga mimi. Hapa kwetu mwambie mtu unaumwa uone kama atabaki kwake. Sasa wanakwenda Alhamisi, na unga na matunda.

Jumatano, 12 Juni

Nimemuua Mama Capitoline leo saa nne asubuhi.

Nilipiga kwa sauti nzito, nikajitambulisha kama shemeji yake, Nzeyimana. Nikasema amefariki, tumekwisha mzika, matanga yameondolewa, familia imesafiri, msijisumbue. Noella akalia. Kilio cha kweli, mpaka nikasikia akiweka simu mezani. Niliona aibu hadi wakati wa chakula. Kisha nikakumbuka kwamba kiti kiko wazi.

Jumapili, 16 Juni

Sijui niandike nini kwanza. Juzi Noella alitangaza hewani kwamba, kwa kuwa familia imesafiri, klabu itamlilia mama mahali pengine. Wapi? Kwa mtu aliyemtaja kila Jumapili. Kwangu!

Walianza kufika saa sita. Watu arobaini, viti vya kuazima, mifuko ya unga. Kila aliyeingia alikuwa mgeni mpaka afungue mdomo, hapo tunapiga kelele: kumbe ni wewe! Bruno ni mfupi kuliko sauti yake. Alileta makaa kwenye pikipiki, macho mekundu. Igiraneza ameshuka kutoka milimani tangu jana.

Wakaweka wimbo wa yule marehemu mume. Hakuna aliyeongea mpaka ukaisha. Watu wa bonde, wa milimani, wa ziwani, hawajawahi kuonana, wote wanaimba neno kwa neno. Igiraneza alitikisa mguu mmoja, akaukanyaga kwa mwingine. Mimi nililia. Nililia kweli, kwa sababu sijawahi kuwa na marafiki wengi hivi nyumbani kwangu, na kwa sababu mama yule alikuwa mtu mwema.

Claudette alinipa sahani ya ugali, akaninong'oneza: "Huyu marehemu, minye nilimusikia mu jikoni yangu." Akaenda kuwahudumia wageni.

Kisha wakazungumzia kiti. Nikakaa wima, nikafunga kifungo cha shati. Bruno akasimama. Akasema kiti cha marehemu kisitoke katika familia yake. Yuko yule shemeji, Nzeyimana, aliyepiga simu, muntu wa heshima na sauti nzuri. Wote wakapiga makofi.

Nimeshindwa tena. Na mimi mwenyewe, tena.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamua kumaliza jambo hili kiume. Asubuhi nimempigia Noella kwa sauti ya Nzeyimana, ili nikatae kiti na kumpendekeza Vainqueur. Nilipotaja jina tu, akaniambia: "Karibu, Prezida wetu." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nikakubali.

Mkutano wa kwanza ni Jumapili, na wanataka kumwona Prezida. Nimesema siwezi kufika, nimevunjika mguu. Kosa la safari ile lilikuwa homa. Homa inatisha, watu wanakuja mbio. Kwa mguu tu, hawatakuja.