Mbuzi wa Mama na Mizani Yangu

Jumanne, 4 Machi

Siku njema! Bosi kanisifu mbele ya wote. Kasema Mizani yangu ndiyo roho ya mchezo. Nikajifanya sijasikia ili arudie. Hakurudia.

Niyaandike hapa, maana nyumbani hakuna anayetaka kuyasikia tena. Mchezo wetu ni wa mtandaoni, unaitwa Mbuzi Shambani. Wachezaji wawili, kila mmoja na shamba lake na mbuzi watano. Unatuma mbuzi wako wakale mboga za mwenzako, huku unawafukuza wa kwake. Filimbi ikilia, aliyebakiwa na mboga nyingi kashinda. Kazi yangu ni Mizani, programu inayoamua nani akutane na nani. Ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka: Mbegu, Chipukizi, Mche, Mti, Msitu. Kila mtu na saizi yake. Mizani haina mjomba wala shangazi.

Jioni nikachungulia rekodi ya Mama. Heri nisingechungulia! Mechi mia mbili na kumi na mbili, kashinda tisini na moja tu. Yuko Mbegu, chini kabisa. Chini yake ni sakafu. Mama yangu! Mwanamke aliyenifundisha kuhesabu! Tangu Baba atutoke mwaka juzi, mchana hana mtu wa kuzungumza naye. Kabaki na mchezo huu, nao unamdhalilisha kila siku saa kumi alasiri. Roho imeniuma kwelikweli.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kasema niache. Kasema Mama hajalalamika. Nikamjibu kwamba kina mama hawalalamiki, wanameza. Kasema yeye pia ni mama na hajawahi kumeza kitu. Hilo ni kweli.

Lakini mpango ninao. Ofisini tuna lango la majaribio, linalonipa uwezo wa kukutanisha akaunti zozote mbili. Nikafungua akaunti, jina Mkulima Mpole. Saa kumi kasoro nikajifungia chumba cha mikutano. Nikamwandikia Mama shikamoo, kwa ile salamu moja inayoruhusiwa mwanzoni, mechi ikaanza, nikawaacha mbuzi wangu wamelala. Mboga zangu zililiwa hadi mizizi. Mama kashinda!

Mechi ikiisha wachezaji wana dakika mbili za kuandikiana. Mama kaniandikia pole mwanangu, utazoea. Hajui ni mimi! Machozi yalinilenga.

Mkulima Mpole kwa kushindwa kashuka, na sikutaka Mama aonekane kaonea mnyonge. Nikafungua Mkulima Mpole wa Pili. Kisha wa Tatu. Wote wametoka kapa. Nimelala na raha ya ajabu.

Alhamisi, 6 Machi

Wa Nne hadi wa Tisa. Bosi kagonga mlango, kauliza nafanya nini humo. Nikasema utafiti. Kasema ameona mbuzi kwenye kioo. Nikasema utafiti wa mbuzi.

Mama kamwandikia Mpole wa Saba kwamba siku hizi wakulima wavivu wamezidi. Mcheshi huyo! Furaha imemrudia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea matunda kusherehekea. Nikamkuta kaketi, simu imelazwa kifudifudi mezani kama mtu aliyegombana nayo. Nikaichukua. Mti! Mama yuko ngazi ya Mti!

Hapo nikakumbuka kanuni yangu mwenyewe. Mgeni huanzia katikati, ngazi ya Mche, kwa kuwa Mizani bado haimjui. Kwa hiyo Mizani imemwona bibi wa Mbegu akiwatandika watu tisa wa Mche, mmoja baada ya mwingine. Ikamrusha juu kama mpira. Kule juu kuna watu wanaocheza kwa vidole vyote kumi. Leo kapigwa mechi nne. Ya mwisho ilimalizika kwa sekunde arobaini, na mbuzi wakala hadi uzio.

Nikamwambia asijali kushindwa. Kasema hajawahi kujali kushindwa. Ndipo akanieleza, na siri ya mtungi aijuaye kata. Kuna mtu anajiita Saa Mbovu. Fundi saa mstaafu, mgane, maisha yake yote kayamaliza na vijigurudumu. Saa kumi alasiri, huko chini kabisa, huwa wako wawili tu, kwa hiyo Mizani huwakutanisha kila siku. Mechi tatu, dakika mbili baada ya kila moja. Dakika sita kwa siku. Katika dakika hizo sita Mama kajua habari za mgongo wa mzee huyo na za binti yake aliye mbali, na yeye kamweleza jinsi Baba alivyokuwa akikoroma na jinsi nyumba ilivyo kimya sasa. Tangu Jumanne hajamwona. Namba yake ya simu hana. Aliona haya kuomba.

Nikauliza kwa nini asimwalike kwa kitufe cha kualika rafiki. Halafu nikakumbuka. Kitufe hicho kiliondolewa kwenye mechi za ngazi ili marafiki wasigawiane ushindi. Nani alikiondoa? Nilikiondoa mimi. Siku ile pia Bosi alinisifu.

Sikumwambia. Nimekaa nikala matunda yote niliyomletea.

Jumamosi, 8 Machi

Nitamshusha! Nikamshauri Mama ashindwe makusudi mara kumi hivi. Kasema hakunilea hivyo. Kisha akaenda kuanika nguo, nami nikachukua simu.

Mechi ya kwanza, sikugusa kitu. Mpinzani akakatikiwa na mtandao. Nimeshinda. Mechi ya pili, sikugusa kitu. Nadhani na yeye aliiacha simu mezani akaenda zake. Mbuzi wangu mmoja akapotea njia, akala kabichi moja. Nimeshinda kwa kabichi moja! Ya tatu nikashindwa, alhamdulillahi, na papo hapo kioo kikawa chekundu: MCHEZAJI HUYU ANASHUKIWA KUSHINDWA MAKUSUDI!

Onyo hilo nililiandika mimi. Hata hiyo alama ya mshangao ni yangu.

Mama karudi na vibanio mkononi, kauliza kuna nini. Nikasema simu imepata joto.

Jumatatu, 10 Machi

Maji yamezidi unga. Mkaguzi, yule mwanamke wa meza ya pili anayewasaka matapeli wa mchezo, miaka miwili sasa hatuelewani. Yeye hufungua dirisha, mimi hulifunga. Asubuhi kaja na karatasi. Akaunti inayojiita Mama Hana Haraka, yaani ya Mama, itafungwa leo saa sita mchana, moja kwa moja, haitafunguliwa tena. Kasema watu tisa wameigawia ushindi, wote kwa kompyuta moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kumfukuza mbuzi. Kompyuta yenyewe iko chumba cha mikutano. Kasema kikulacho ki nguoni mwako, huku ananitazama nguoni.

Niliwaza kukana. Nikaandaa hata maneno. Lakini akilini nikamwona Mama saa kumi, kaketi peke yake, mchezo haufunguki, na mtu wake kapotea jumla. Nikasema yote. Baba, kukoroma, fundi saa, dakika sita. Sauti ikanikatika katikati, mbele ya Mkaguzi, mtu wa mwisho duniani ninayetaka anisikie nikilia!

Hakucheka. Aliinuka, akalifunga dirisha mwenyewe. Kisha kasema jambo lenyewe si gumu. Mama hakumdanganya mtu. Zifutwe zile mechi tisa na zote zilizofuata, arudi pale alipostahili. Na mimi niandike barua ya kukiri kwa Bosi. Nikaiandika, akaisoma, akasahihisha nukta mbili. Bosi kanifungia lango la majaribio kwa wiki nzima, na hanisifu tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa mapema. Saa kumi kamili nilikuwa kwa Mama, kwenye kigoda pembeni ya kiti chake. Kioo kikaandika: anatafutwa mpinzani. Kikazunguka. Kikazunguka. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake.

Saa Mbovu!

Mama kafunika mdomo kwa kiganja. Mbuzi wa pande zote mbili wakatembea ovyo, hakuna aliyewajali. Filimbi ilipolia, mzee akaandika haraka haraka. Siku sita. Kila alasiri aliingia akangoja, mchezo ukamwambia hakuna mpinzani, akangoja tena hadi saa kumi na moja. Alidhani Mama ni mgonjwa. Alidhani na mengine, kasema, ambayo hataki kuyaandika.

Mama kapoteza mechi zote tatu. Na kacheka! Kicheko kile cha zamani, cha kushika mbavu. Sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Baadaye kaniambia, bila kunitazama, kwamba alinijua tangu Mpole wa Pili. Nani mwingine humpa mpinzani shikamoo kabla ya kupigwa? Kasema alinyamaza kwa sababu aliona nafurahi, na hakutaka kunivunja moyo. Akanipapasa kichwa kama nina miaka saba. Nilikaa hapo kigodani hadi miguu ikafa ganzi, nami sikutaka kuinuka.

Nimeapa. Sitaigusa tena Mizani kwa ajili ya mtu yeyote. Haki ni haki.

Jumanne, 18 Machi

Tatizo dogo. Lango limerudishwa, nikachungulia, nikaona. Saa Mbovu kashinda mfululizo. Furaha imempa nguvu za ujana. Bado ushindi mmoja tu atapanda Chipukizi, na Mama atabaki chini peke yake. Nikauliza kuhusu namba ya simu. Mama kasema mambo mazuri hayataki haraka.

Mke wangu kasema si nikirudishe tu kile kitufe cha kualika rafiki. Kitufe! Haki itakwenda wapi?

Safari hii ni tofauti kabisa na ile. Ile ilikuwa kushindwa. Hii ni kushinda. Nimefungua akaunti moja tu, Mkulima Mpole wa Kumi, nimshinde mzee mara mbili ashuke kidogo. Saa tisa, maana mzee siku hizi huingia mapema, nikajifungia chumba cha mikutano. Nikacheza kwa nguvu zangu zote. Kanishinda. Nikafungua ya Kumi na Moja. Kanishinda. Ya Kumi na Mbili nilitoka jasho, nikavua viatu. Kaniachia kitunguu kimoja.

Saa Mbovu sasa yuko Mche.

Hakuna neno. Mama akipanda Mche atamkuta huko huko. Wapole tisa walimfikisha Mti, kwa hiyo sita watatosha. Majina matano nimeshapata, na kesho Mkaguzi yuko likizo.