Gari Bila Moteri mu Laini ya Esansi

Jumanne, tarehe nane, mwezi wa saba.

Basi watu wa laini wamenisukuma tena, mi na gari. Mi ndani nimekamata sukani, wao nyuma wanatoa jasho. Nikawaambia Mungu awalipe. Lakini moyo wangu ulikuwa unalia, juu kila wakinisukuma nakaribia ile nguzo.

Ile nguzo ya umeme yenye imeinama. Nyuma yake, mutu anawasha mbabula ya makaa, anapika, anaishi. Mbele yake, Népomuscène, muzamu mwenye kulinda stasioni, hataki hata kiberiti, anaogopea pompi. Sasa mi bila moto ni nini? Kwa mutoto wangu Uthmani, kule Ruziba, kuko nyumba, kuko kitanda, kuko sementi chini. Moto ndiyo sina. Raihana, muke wake, mutoto muzuri, sina neno naye, lakini nikishika mwiko ananinyanganya. Mama, pumzika. Nikishika fagio, Mama, pumzika. Mwaka muzima napumzika. Hata maiti haipumzikaka vile.

Halafu Uthmani akasema kuko mutu atakuja kununua Hiace ya marehemu bwana yangu, kama chuma, kwa kilo. Hiace ya Massoudi! Mi na marehemu tulienda nayo harusi ngapi, matanga ngapi, na mara moja tulilala ndani siku mbili juu ya mvua, na sijawahi kulala vizuri kama ile. Moteri Uthmani alikuwa amekwisha iuza, nikanyamaza. Bodi, apana. Bodi iko na rido zangu za madirisha. Uthmani akaenda kazi, nikaita jirani yake mwenye kamyoneti. Akafunga kamba. Akauliza, Mama, tunaenda wapi?

Ndiyo pale akili yangu ilifanya kazi. Mu hii Bujumbura, ni fasi gani gari inaweza kulala wiki na wiki, na mutu asiulize inangoja nini? Mu laini ya esansi, kule magari yanangoja petroli. Kila mutu analala mu gari yake. Kila mutu anasukuma, hakuna mwenye kuwasha, wanachunga tone la mwisho. Nani atajua kama yangu haina kitu cha kuwasha? Mahali ya moteri, chini ya kiti, naweka makaa, vitunguu na kuku yangu. Anataga vizuri kupita zamani. Anapenda giza.

Mupango wa leo: kutoa fasi. Kila gari yenye inakuja nyuma naiambia pita, mwanangu, mi sina haraka. Zimepita nyingi. Sasa wananiita Mama Huruma. Niko palepale, na sifa juu.

Madamu Spéciose tu ndiyo alikataa kupita. Huyu wa gari ya Starlet nyuma yangu, mutu wa ofisi. Ati hawezi kumwacha mumama peke yake. Uongo. Anataka wateja wangu. Mi napika samaki ndogo, ndagala, na mawese, watu wanakuja, naye siku ya pili akaleta mbabula yake! Maharagi yake haina chumvi, ni maji ya kunawa mikono. Wanakula juu ya kuheshimu ofisi.

Haya, telefone, shika maneno. Ku redio walisema mutu wa presha aandike mambo yake kila siku, presha itashuka. Mi sikusoma. Lakini Astère, shoferi wa taksi mbele yangu, aliniwekea kapicha ka pompi, ati habari za esansi zinapitaka hapo. Chini nikaona kuko alama ya kusemea. Nabonyeza, naongea, naachilia, inalia twii. Imeingia ku sanduku. Siri yangu na yako.

Jumatano, tarehe tisa.

Dua ya mujane haianguki chini. Leo maharagi ya Spéciose yamejaa chumvi! Na ameniletea sahani yeye mwenyewe, akasimama kuniangalia nikimeza. Nikasema asante. Akasema, Mama, chumvi imetosha? Macho yake makali. Sijui amelala vibaya.

Astère naye haeleweki. Ameniuliza kama kuku amelala salama. Nikasema kuku gani, sina kuku. Akasema samahani, Mama, nilichanganya, na akaniachia mahindi mu karatasi. Watu wa mujini wanazeeka haraka.

Shida iko kwa Népomuscène. Huyu ni mutu wa mulima, mupole, telefone yake ni ya tochi tu, haina mapicha. Amesikia kama natoa fasi yangu. Alikuja kofia mukononi. Ati toka azaliwe hajaona moyo kama huu mu laini. Ati mama yake alikufa akingoja gari. Ati kamyo ya esansi ikifika, mi ndiyo nitakuwa wa kwanza ku pompi, yeye mwenyewe atanisukuma.

Nikasema apana, apana, mwanangu. Akasema ndiyo ule unyenyekevu wenye anasema. Machozi yalimutoka. Ungefanya nini? Nilimupa ndagala. Ndiyo nikaharibu kabisa.

Alhamisi, tarehe kumi.

Mupango: kuwa mubaya. Mutu mubaya hapewi fasi ya kwanza.

Asubui nikamwaga maji ya sufuria karibu na viatu vya Népomuscène. Akasema pole, Mama, mikono imechoka. Nikamwambia stasioni yake inanuka. Akasema kweli. Nikamwambia hata kofia haimukai vizuri. Akaivua, akaiangalia, akasema ni ya mukubwa wake wa zamani. Mutu kama huyu unamutukana na nini? Nilirudi mu gari nikiona haya. Nikampa kuku mahindi.

Halafu nikachungulia ku rido, naona nini? Spéciose amemushika Népomuscène mukono, kando, anamunongoneza. Nikatega sikio. Anamwambia, tafazali, usimupeleke Mama mbele, umuache huku nyuma, amezoea, hapa ndiyo kwake.

Unaona? Wivu, mu macho wazi! Fasi ya kwanza inauma mutu wa ofisi! Damu ikapanda. Nikafungua mulango, nikashuka mbele ya laini yote, nikasema kwa nguvu kama niko tayari, na niko nayo haki, na nitaenda wa kwanza, na mutu asinizuie.

Népomuscène akapiga makofi. Spéciose akaweka mikono ku kichwa. Astère akaingia mu taksi yake, akafunga kioo.

Kisha nikakaa mu gari, nikakumbuka kama sina moteri.

Ulimi wangu huu. Marehemu alikuwa anasemaka, Khadidja, ulimi wako hauna freni. Na freni za ile gari yeye ndiyo alikuwa anatengeneza.

Ijumaa, tarehe kumi na moja.

Leo sina nguvu ya kuongea, lakini presha iko juu, wacha niongee.

Asubui nilienda hitima Buyenzi. Rafiki yangu Mwanasiti alifiwa na dada yake, siwezi kukosa, na pilau yao ni pilau ya kweli, siyo ile ya Raihana yenye iko na karoti. Nikakaa. Nikaongea. Kurudi, fasi yangu tupu. Jivu tu chini, na mufuniko wa sufuria.

Kamyo ilikuwa imefika. Mi nikila pilau, Népomuscène alitimiza neno. Alitafuta vijana, wakaisukuma Hiace kupita nguzo, kupita watu wote, mupaka ku pompi. Nimefika, yeye amesimama pembeni, amevaa kofia sawasawa, anacheka kama bwana harusi. Nyuma honi zinapiga.

Kijana wa pompi akauliza tanki iko wapi. Népomuscène akasema, Mama, washa kwanza, tuone kama betri haijakufa. Nikasema ufunguo umepotea. Akasema uko mu shingo yako. Kweli, uko mu kamba, na tasbihi. Nikasema moteri iko baridi. Akasema si kitu, atanisaidia. Akafungua mulango, akainua kiti.

Kuku akatoka kwanza. Akapita ku bega yake, akaangukia ku pompi, akalia kama wanamuchinja. Nyuma yake vitunguu vikaviringika mupaka mu barabara. Népomuscène akaangalia ndani. Akaona makaa, sufuria, mayai mbili. Akaangalia tena, kama mutu mwenye anatafuta ndugu.

"Mama. Moteri iko wapi?"

"Ilitoka."

"Ilienda wapi?"

"Ilienda na Uthmani."

Hakuna mutu alicheka. Ingekuwa vizuri wacheke. Népomuscène akavua kofia, akasema na kasauti kadogo, "Mi niliombea hii gari ku kanisa."

Ndiyo Spéciose akafika anakimbia, viatu mukononi, ameacha Starlet yake wazi. Astère nyuma yake. Spéciose akamwambia Népomuscène asinikasirikie, laini yote inajua toka Jumanne. Nikauliza inajua namna gani, mi sijaambia mutu. Astère akatoa telefone, akabonyeza, na mu ile telefone nikasikia mumama muzee anasema maharagi ya Madamu Spéciose ni maji ya kunawa mikono.

Sauti yangu. Na kuku nyuma.

Kumbe kale kapicha ka pompi siyo sanduku. Ni grupe. Laini nzima iko ndani. Kila mangaribi nikiachilia na ile twii, wote wanazima redio, wanasikiliza. Astère anasema kuko watu wamekwisha pata esansi zamani, wamebaki mu grupe juu yangu tu. Kumbe mahindi. Kumbe chumvi. Kumbe Spéciose kule kumunongoneza Népomuscène alikuwa ananitetea, na mi nikasimama mbele ya watu kumupiga na ulimi.

Ardhi haikupasuka. Mi ndiyo nilitaka ipasuke.

Walinisukuma kurudi nyuma, kupita nguzo, mupaka mwisho wa laini. Spéciose mwenyewe alisukuma, na sketi ya ofisi. Na wakati wanasukuma, gari zingine zikaingia fasi yao, na pompi ikakauka. Yeye na Astère hawakupata hata tone. Spéciose alikaa ku mulango wa gari yangu. Nikawasha moto. Nikamukaangia yale mayai mbili, yote mbili, na vitunguu vyenye nilikusanya mu barabara. Nilitaka kumuomba samahani. Nikamwambia tu kama maharagi yake ya Jumatano yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Akasema, "Mama Uthmani, we kula tu." Akanikatia nusu.

Jumamosi, tarehe kumi na mbili.

Uthmani amekuja. Népomuscène ndiyo alimuita, ati ni wajibu wa muzamu. Mutoto wangu kafika na baisikeli, vumbi mupaka ku kope. Ati Mama, aibu gani hii, twende nyumbani. Nikasema haya, leta kamyoneti ikanikokote. Akaangalia baisikeli yake.

Kamyoneti ya jirani haina esansi! Zile tone zake za mwisho ndiyo zilinileta mimi huku. Lazima ipate kwanza. Na ya kupata iko wapi? Mu laini. Basi vijana wa Ruziba wameisukuma njia yote, na sasa iko mbele yangu palepale. Kamyoneti yenye inataka kunitoa mu laini, inapanga laini. Nilicheka mupaka nikashika mbavu. Uthmani hakucheka. Bado mudogo.

Népomuscène amekata maneno. Gari isiyo na moteri haina fasi mbele. Itakaa mwisho. Kila mwenye kuja ataingia mbele yangu, na mi nitakuwa mukia, nyuma ya nguzo, mupaka laini iishe. Anaongea na mi bila kuniangalia. Lakini ametuma sahani yake nimupakulie, na imerudi kwangu safi, ameilamba.

Mangaribi Uthmani akakaa ku jiwe, nikamupa samaki mukeke wa kuchoma na bugali. Alikula kama wakati akitoka madrasa. Alilamba vidole. Kisha akaangalia moto, akaniuliza pole pole.

"Mama, juu ya nini haukuniambia kama ulitaka kupika?"

"Nilikuambia. Uliniambia nipumzike."

Akaninyooshea sahani nimuongezee.

Jumapili, tarehe kumi na tatu.

Naongea sauti chini. Astère alinionesha sanduku ingine, ya peke yangu, haina mutu ndani. Lakini haina na picha. Mi siwezi kuongea na kitu haina sura. Nimerudi ku kapicha ka pompi, nimekazoea. Leo nanongoneza tu, basi hawatasikia. Hata Uthmani wamemuingiza mu grupe yao, shauri yao, nimefunga rido zote.

Telefone, sikiliza. Uthmani hajaondoka. Ati anachunga fasi ya kamyoneti. Anakula asubui, anakula mangaribi, na jana alisukuma taksi ya Astère akicheka. Vizuri. Lakini siku moja esansi itakuja. Kamyoneti itakunywa, kamba itafungwa, na mi nitarudi Ruziba kwenye sementi. Pumzika, Mama. Apana.

Mupango: bandari. Kule makamyo yanangoja boti za Kigoma, yanangoja kupita huku. Mashoferi wana njaa, muzamu wa kule hanijui, na hakuna mutu wa ofisi na mbabula. Kesho Uthmani akienda kuoga ku ziwa, naita vijana wanisukume pole pole mupaka bandari. Eh, imelia twii, kidole kimeteleza, nabonyeza tena. Spéciose nitamwachia ndagala mu bakuli, asiseme nilimutoroka vibaya. Mpaka sasa sijaambia mutu hata mumoja. Safari hii nimejifunza. Mutu mwenye siri anaiweka mu moyo na ku telefone, basi. Na Mungu akinisaidia, kule nitanunua hata jogoo ya kumu—

Huyo Uthmani anaita huko inje.

"Mama! Kabla haujaenda bandari, kuja ugeuze mukeke, anaungua!"

Nakuja, nakuja! Usiguse, utamuvunja!

Sasa huyu ametoa wapi mambo ya bandari? Mutoto ana akili ya baba yake. Wacha niende, samaki anakufa mara ya pili.