Matundu Ishirini na Moja ya Jumba la Daktari

Jumamosi, 7 Juni

Nimekufa tena. Mara ya nne tangu mwaka uanze. Safari hii nimemezwa na kabati.

Niandike vizuri, maana kichwa changu siku hizi ni chujio. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana watu wanne, mimi, shemeji, muuguzi na kinyozi mwenyewe, chumba cha nyuma cha kinyozi, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Mchezo wetu ni wa kujifanya. Mmoja ni msimulizi. Anafungua kitabu cha mkasa wa kutisha, anasema mko mbele ya jumba bovu, mvua inanyesha, mnafanyaje? Sisi tunasema tunafanyaje. Dadu inaamua kama tumeweza au tumekufa. Mimi hufa.

Msimulizi ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mwalimu mstaafu. Mpaka leo anafunika vitabu kwa karatasi ya kaki. Hukaa kwenye kiti cha zamani cha kinyozi, kile cha kuzunguka, chenye kanyagio la kupandishia. Akitaka kututisha anakanyaga, anapanda. Mimi kigoda cha kunyolea watoto. Miaka mitatu namsikiliza kutoka chini, nimehifadhi matundu ya pua yake kama ramani.

Leo kaanza mkasa mpya: Jumba la Daktari Aliyekufa Mara Mbili. Tumeingia ukumbini tu, mlango ukajifunga nyuma yetu. Nikauliza umejifunga kwa kitasa au kwa komeo? Nimekuwa fundi kufuli miaka arobaini na mmoja. Nina haki ya kuuliza! Shemeji akasema umejifunga kwa uchawi. Nikasema sawa, uchawi wa kitasa au uchawi wa komeo? Muuguzi alicheka hadi chai ikamtokea puani. Shemeji akakanyaga, akapanda, akatangaza kwamba kabati la ukumbini limenimeza. Bila hata kutupa dadu.

Kisha akatoa onyo mbele ya wote. Nikiharibu mkasa mara moja tena, kigoda changu atapewa mpiga picha wa barabara ya pili, anayeomba nafasi tangu mwaka jana. Kinyozi akaitazama dadu. Muuguzi akaitazama dadu. Dadu yenyewe, nadhani, ilitazama pembeni.

Vita, basi.

Jumapili, 8 Juni

Nimefikiri tangu asubuhi. Kulinda kigoda ni akili ya kuku. Nakitaka kiti chenyewe!

Mpango: mikasa hii iliyochapwa ina matundu kama chandarua cha kurithi. Nitakisoma kitabu kwa siri, nitayaorodhesha matundu yote, nitaonyesha meza nzima kwamba shemeji anatusomea upuuzi. Kitabu kimefungiwa kwenye kabati pale kwa kinyozi. Kufuli la kabati nililifunga mimi. Fundi gani anafunga kufuli asibaki na ufunguo wa pili? Fundi mwaminifu. Wapo. Nimewahi kukutana na mmoja.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye mwenye nyumba ninamokaa, kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikasema nimekumbuka jambo. Akasema baba, ukikumbuka jambo, kuna mtu mahali atalia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi kauliza ninyolewe nini, maana kichwani pamebaki kumbukumbu tu. Nikasema sharubu. Akanyoa upande wa kulia, maji ya moto yakamwishia, akatoka kuyafuata. Nikarukia chumba cha nyuma. Ufunguo wa pili ukaingia kama ulimi kinywani. Kitabu chini ya koti!

Bahati mbaya ni kitabu kikubwa, kipana kama sinia. Nikarudi kitini nimekakamaa. Kinyozi akasema mzee leo umenyooka, unaoa? Nikasema tumbo linaniuma. Nikakimbia.

Nimefika nyumbani na sharubu upande mmoja. Mkwe kanitazama, kaenda jikoni, nikamsikia akiiambia sufuria kwamba yeye hajaona kitu.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma kutwa. Matundu ishirini na moja! Nilitaka kulia kwa furaha. Nayaweka hapa yaliyo manono.

Sisi wageni tunakwenda jumbani kwa nini? Eti mjomba tusiyemjua ameturithisha. Mtu akikurithisha jumba ambamo watu sita wamefia, unashukuru kwa barua na kubaki kwako.

Mtunzaji wa jumba ameishi kwenye handaki miaka arobaini. Anakula nini? Kitabu kimenyamaza. Lakini ana nguvu ya kumrusha mtu dirishani. Na afya nzuri ya meno, imeandikwa.

Kila kitu kinategemea barua iliyo nyuma ya picha ukutani. Dadu ikikataa, barua haionekani, na msipoiona hakuna mkasa. Mnakaa ukumbini kama wanaomsubiri daktari wa meno.

Ufunguo wa handaki uko wapi? Kwenye droo. Ya chumba kilekile! Miaka arobaini na mmoja na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kunifanyia kazi iwe rahisi hivyo.

Na tundu kuu, baba wa matundu. Daktari huyu mwovu, mjanja aliyedanganya mji mzima, ameandika maovu yake yote kwenye shajara. Siku na tarehe! Alipomzika nani, anapanga kumla nani. Halafu ameiacha wazi. Mezani! Mpumbavu gani huyo? Mtu mwenye hila anaweka siri zake kwenye karatasi ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuisoma? Nimecheka hadi mkwe akaja kupima joto langu.

Jumatano, 11 Juni

Wazo jipya, kubwa kuliko la kwanza. Kuonyesha matundu haitoshi. Nitatunga mkasa wangu mwenyewe usio na tundu hata moja. Nimeumaliza saa sita mchana. Hauvuji.

Nikaenda kwa shemeji, nimeinama kama mkwe mpya. Nikamsifu sauti. Nikaomba nisimulie mara moja tu. Akakubali haraka mno, kama mtu anayekushikia ngazi uupande mti mkavu. Kesho mchana, muuguzi hayuko zamu. Wakiupenda mkasa wangu, kiti ni changu. Wasipoupenda, Jumamosi kura inapigwa kuhusu kigoda, na mpiga picha yuko tayari. Nikacheka. Akacheka na yeye. Anacheka kama dada yake, mkono mdomoni. Ndiyo maana sijaweza kumchukia hadi mwisho.

Niseme kweli hapa, ambapo hakuna anayesoma. Nikikosa kigoda sina pa kwenda. Siku sita za wiki naweza kukaa chumbani mwangu mpaka jioni, na hakuna anayeshangaa. Jumamosi ndiyo siku pekee mtu huniuliza nimechelewa wapi. Basi. Imetosha.

Kesho nitawahi, nirudishe kitabu kabatini kabla hawajafika. Shajara hii naichomeka ndani yake, kwenye ukurasa wa ile shajara ya daktari, nisipoteze mahali.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Shajara siioni. Hilo ni dogo.

Kitabu nilikirudisha salama. Wakaja. Nikapanda kitini! Nikakanyaga kwa fahari. Kiti kikashuka. Nikakanyaga tena, kikashuka zaidi. Nimesimulia mkasa wote kidevu kikiwa usawa wa meza.

Nikasema mko nyumbani, mvua inanyesha, mnafanyaje? Muuguzi akasema tunakwenda. Nikamuuliza wapi, nani kakuita? Mwovu wangu hana haja ya wageni. Kinyozi akauliza kama magazeti yana habari ya ajabu. Hayana, mwovu si mjinga. Majirani je? Hawajaona kitu, nyumba ina vitasa saba, vizuri, nimevitaja kimoja kimoja. Barua? Hakuandika. Shajara? Nikacheka kwa dharau. Kinyozi akasema basi anatafuta popote, akatupa dadu, ikaja sita. Nikampongeza. Nikamwambia sasa ana hakika kabisa kwamba hakuna kitu.

Saa ya pili, muuguzi alikuwa amejifanya anafua nguo. Kisha akazianua. Kinyozi akaziba paa lake linalovuja, kwenye hadithi, halafu akainuka akaenda kuangalia la kweli. Shemeji alikaa kwenye kigoda changu, magoti masikioni, hakuuliza swali hata moja. Angeuliza lingeniuma kidogo kuliko vile.

Mwisho akataka kujua huyo mtu alifanya uovu gani. Nikasema hakuna atakayejua milele, ndiyo uzuri wenyewe. Akasema shemeji, wewe ni fundi, hebu niambie, kufuli lisilo na tundu unalifunguaje? Nikajibu kwamba hilo ndilo kufuli bora duniani. Muuguzi akasema hilo si kufuli, babu, hilo ni jiwe.

Mpiga picha alikuwa mlangoni. Alikuja, eti, kukipima kigoda kwa macho.

Ijumaa, 13 Juni

Karatasi ya kalenda tena. Nimepindua godoro. Nimemwaga sanduku la vifaa. Nimemuuliza mkwe kama amewashia jiko daftari langu. Akasema baba, mambo yako hata ukinisomea nitaziba masikio. Sikuweza kumaliza ugali kwa maneno hayo.

Kesho kura. Nimefikiri nijifanye mgonjwa. Lakini mgonjwa akikosa kwenda, kigoda kinabaki wazi, na mpiga picha ana makalio yasiyo na haya.

Nitakwenda. Nitanyamaza. Mlango ukijifunga, nitasema asante.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nane kamili nilikuwa kigodani. Mpiga picha alisimama ukutani akisubiri nife. Shemeji kitini, kitabu mbele yake, mpole kama asali. Akatuanzishia upya Jumba la Daktari. Mlango ukajifunga. Nikasema asante. Tukaipata barua nyuma ya picha, tukapata ufunguo kwenye droo ya chumba kilekile, nikalimeza swali langu. Tukaingia chumba cha daktari. Mezani, akasema shemeji, ipo shajara, imeachwa wazi. Akakanyaga. Akapanda. Akasoma kwa sauti ya kaburini:

“Nimekufa tena. Mara ya nne tangu mwaka uanze.”

Nikafikiri, daktari huyu anaandika vizuri.

“Safari hii nimemezwa na kabati.”

Ardhi ingepasuka ningeshukuru! Haikupasuka. Ardhi yenyewe ina matundu ila pale unapoyahitaji. Akasoma kila kitu. Matundu ya pua yake, alisoma bila kukohoa. Mpiga picha, ambaye hakujua lolote, akasema daktari huyu ni mtu hatari, anabaki na funguo za watu! Kinyozi akageuka polepole akalitazama kabati, kisha sharubu zangu. Muuguzi alikuwa amelala juu ya meza, mabega yanatetemeka.

Akafika Jumatano. Akasoma kuhusu ngazi na mti mkavu. Akasoma kuhusu kucheka kama dada yake. Halafu akanyamaza. Macho yakashuka mstari kwa mstari. Kiti kikashuka pia, sijui kama alikanyaga. Akasema hapa wino umemwagika, hapasomeki. Akafunga.

Wino haujamwagika. Naujua ukurasa ule.

Kisha ikaja kura. Shemeji akasema haraka haraka kwamba mkasa mzuri unahitaji mwovu, na huyu aliyepo ameshazoeleka. Mikono mitatu ikapanda, nibaki. Mpiga picha akainua wa nne, ingawa hakuwa mpiga kura, akisema anataka kujua daktari anafanya nini baadaye. Atakuja na kiti chake. Masharti kwangu mawili: nikabidhi ufunguo wa pili, na nisiulize habari ya vitasa tena. Kinyozi akaongeza la tatu, nimalizie sharubu, anaona aibu kazi yake kutembea vile mitaani.

Nimekabidhi ufunguo. Nimeona aibu. Nimerudishiwa shajara hii. Pembeni mwa orodha yangu shemeji ameandika kwa wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni: “Tundu la ishirini na mbili: baba wa matundu amempata mwenye orodha. Sahihisha.” Chini, kwa herufi ndogo: “Jumamosi usichelewe.”

Jumapili, 15 Juni

Nimejifunza. Mtu mzima husoma makosa yake.

Kosa langu lilikuwa moja tu: kuichomeka shajara ndani ya kitabu. Halitarudiwa. Kuanzia leo inakaa ndani ya sanduku la vifaa, chini ya kitanda, kwa kufuli nililolitengeneza mwenyewe. Ufunguo uko kwenye kopo la misumari, kopo la kijani, kushoto kwa mlango. Naliandika nisilisahau.

Halafu, walidai ufunguo wa pili. Hakuna aliyeuliza kama kuna wa tatu!

Mpango mpya ni safi. Kwanza, Jumanne kwa kinyozi, sharubu. Pili, kanyagio la kile kiti: nimegundua lina skrubu moja chini. Skrubu moja! Shemeji atapanda Jumamosi akisema mko mbele ya jumba bovu, na atashuka mwenyewe kama ndoo kisimani. Ukurasa unaofuata nimeuchora wote, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa, maana macho yangu hayana nguvu tena. Hata jina la shemeji nimelipigia mstari.

Mkwe ananiita mezani. Kasema shemeji amepita kunisalimia, yuko sebuleni, anaelekea huku chumbani.

Naiacha hapa wazi kidogo, wino ukauke.