Mkono Wangu Ndani ya Djembe

Jamani, leo nimeaibika. Mbele ya mchungaji, kwaya nzima na mama yangu mzazi.

Tulikuwa na ibada ya shukrani nyumbani Suji, mwaka mmoja tangu baba atutoke. Baba ndiye alikuwa mpiga ngoma wa kwaya. Tangu tumzike, ngoma yake haikuwa imeguswa. Wiki iliyopita mama akanipigia simu: "Mwanangu, nataka nisikie ule mdundo wa baba yako, mara moja tu."

Nikamwambia, "Usijali, mama." (Mimi huyu! Nimejifunza mwezi mmoja, kwa video za simu.) Nikapanda mlima na djembe yangu mpya, ile ngoma ya Afrika Magharibi ya kupiga kwa viganja. Ya baba niliiona imechakaa.

Asubuhi ukungu ukashuka, ngozi ikalegea. Nikakumbuka baba alikuwa anaipasha ngoma yake moto jikoni kabla ya ibada. Nikaiegemeza djembe karibu na mafiga, nikaenda kunywa chai. Vikombe viwili. (Baba alikuwa hatoki pale. Anaigeuzageuza, anaigonga, anasikiliza. Na yake ni ngozi nene ya ng'ombe. Hii yangu ni ya mbuzi.)

Ibada ikaanza. Shangazi akatikisa kayamba, mzee wa kanisa akagonga pembetatu ya chuma, mama amefumba macho anasubiri. Nikanyanyua mkono juu kwa mbwembwe. Pwaa!

Ngozi iliyokaushwa na moto ikapasuka, mkono ukazama hadi kiwikoni. Navuta, hautoki. Saa yangu ya mkononi imenasa kwenye ngozi! Nikasimama, djembe nayo ikasimama na mimi.

"Yesu wangu!" shangazi akasema. Kwaya ikaangua kicheko. Mchungaji akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Mama hakucheka. Akaingia ndani, akarudi na ngoma ya baba, akakaa, akaanza kupiga. Taratibu. Mdundo uleule, hadi pale baba alipokuwa anachelewa kidogo. Kumbe ameushika miaka yote hiyo! Shangazi akanipa manyanga ya kutikisa, nikaitikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado ndani ya djembe.

Nimelia nyimbo zote tatu. Watu wanadhani ni mkono ulikuwa unauma. Na ninyi mkiulizwa, semeni hivyohivyo.