Ufunguo wa Ukumbi wa Sedlow

Jumatatu, 21 Agosti

Rasharasha asubuhi. Jua kidogo saa ya chai. Rasharasha tena. Sedlow ni ileile.

Nimeamua. Kesho, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, najiuzulu kazi ya ufunguo.

Nieleze, ingawa shajara hii haisomwi na mtu ila mimi (na mke wangu Maud, nikiwa naoga). Ufunguo wa ukumbi wa mji unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wangu tangu nilipostaafu. Anayetaka ukumbi anabonyeza kengele yangu. Wanakwaya, akina mama wa kufuma, wazee wa karata, wote. Wanauchukua, wanaurudisha, wanaonja keki ya Maud, wanaacha habari. Paka hapotei Sedlow bila mimi kujua. Na mwaka jana mkutano ulimshukuru aliyeoka, ukamshukuru aliyekata nyasi, hata bata wa bwawani wakatajwa. Ambrose Pettifer, kimya. Na bendera ya kanisa napandisha mimi pia!

Kwa hiyo najiuzulu. Si kwa kweli, bila shaka. Hapa kwetu mtu akikataa, anaombwa. Akikataa tena, anaombwa tena. Mara ya tatu anakubali huku anaguna. Ndivyo tunavyokula kipande cha mwisho cha keki, na ndivyo Maud alivyonikubali. Nitasema nimechoka, watanibembeleza, nitaguna, watapiga makofi.

Maud ameniambia, "Ambrose, acha hayo. Utajiponza." Nimemjibu kwamba hajui siasa.

Jumanne, 22 Agosti

Nimejiuzulu. Wamekubali.

Nilisimama, nikashika mgongo kidogo kwa madoido, nikasema miaka imekwenda na labda wakati umefika wa kumpisha mwingine. Nikakaa. Nikasubiri kubembelezwa. Bi. Philippa Garroway, mwenyekiti wetu, akanitazama kwa huruma isiyo na kiasi. Akasema, "Maskini Ambrose, tumekutumikisha mno. Hatuna haki ya kukulazimisha." Makofi. Nikafungua mdomo niseme neno, nikawekewa mikononi chungu chenye ua jekundu. Lilikuwa zawadi ya bahati nasibu ambayo mshindi wake hakuja kuichukua.

Hapo Tidball akanyoosha mkono. Huyu Tidball ni mgeni, alihamia kutoka London juzi tu, miaka kumi na miwili iliyopita, na haraka za kule bado hazijamtoka. Akasema hakuna haja ya mtu yeyote kusumbuliwa nyumbani kwake tena. Atafunga kisanduku cha namba kwenye ukuta wa ukumbi, ufunguo ukae humo, kila mtu ajichukulie. Wote wakasema wazo zuri. Hata wazee wa karata, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya lolote.

Njiani Maud alisema, "Si umesema umechoka? Watu wenye adabu hawambembelezi mtu aliyechoka." Nilikuwa nimebeba ua, sikuweza kumjibu ipasavyo.

Alhamisi, 24 Agosti

Kisanduku kimeshafungwa. Cha kijivu. Namba yake ni 1066, mwaka nchi yetu ilipovamiwa na kutekwa, ambao mtoto wa hapa anaujua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tidball ameitangaza dukani, posta na baa, akisisitiza kwamba ni siri yetu.

Kengele yangu haijalia siku nzima. Nilitoka kuijaribu. Inalia vizuri kabisa. Maud akauliza kutoka jikoni ni nani huyo. Nikamwambia ni mimi.

Jumamosi, 26 Agosti

Kengele! Nilikimbia mpaka ndara moja ikabaki kwenye ngazi. Kumbe ni mtu wa vifurushi, anatafuta kwa Tidball.

Sebule imekuwa kimya. Nasikia saa ya ukutani, na sikuwahi kujua kwamba inatoa mlio. Leo ndipo nimesikia kwamba Bi. Hobday wa kwaya alipasuliwa nyonga na amesharudi nyumbani. Zamani ningejua kabla ya daktari. Nimeumia, na naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: nautaka ufunguo wangu. Nataka watu wangu mlangoni.

Basi kuna mpango. Jumamosi ijayo ni Maonyesho ya Mboga, siku kubwa kuliko Krismasi hapa Sedlow. Kisanduku kikigoma kufunguka asubuhi hiyo, nani ana nakala ya ufunguo ndani ya kopo la majani ya chai? Mimi. Nakala hiyo sikuirudisha. Hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 29 Agosti

Mawingu. Nimekutana na Tidball mlangoni pa ukumbi, ameshika bisibisi, ana mafuta mpaka kwenye viwiko. Akanieleza jambo refu kuhusu kitasa. Mtu huyu anapenda sana kueleza. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, nikiwaza mambo yangu.

Maud amelimwagilia maji ua la bahati nasibu. Linastawi. Silipendi.

Ijumaa, 1 Septemba

Nimekwenda mchana mweupe, na mwavuli. Anayenyemelea ndiye anayeshukiwa.

Nikafungua kisanduku kwa 1066. Ndani kuna kijiti kidogo: ukikisukuma unaweka namba unayotaka. Nilikuwa nimechagua 1415, mwaka mwingine wa vita tuliofundishwa shuleni, ili kesho, nikishaheshimiwa vya kutosha, niweze kuibahatisha mbele ya watu. Nimesukuma kijiti tu, Bi. Philippa akasema nyuma yangu kwamba anaona kama kunataka kunyesha.

Huwezi kuambiwa hivyo Sedlow ukanyamaza. Nikageuka, nikakificha kisanduku kwa mgongo, nikasema kweli, ila bustani zina kiu. Akasema sawa, lakini isiwe kesho. Nikasema kesho hapana. Akasema mwaka jana ilinyesha. Nikasema mwaka jana ilizidi. Tuliendelea hivyo mpaka mafuriko ya utotoni mwake, na muda wote vidole vyangu huko nyuma vilikuwa vinazungusha tarakimu na kufunga.

Kwa hiyo namba niliyoiweka siijui. Haidhuru. Nakala ninayo.

Jumamosi, 2 Septemba

Mvua ya kumwaga.

Nilivaa koti la harusi za watu, nikatia nakala mfukoni, nikakaa karibu na kengele kusubiri kuitwa. Dirishani niliwaona wote. Tidball ameinamia kisanduku, anazungusha, anazungusha. Nyuma yake Sedlow nzima imepanga foleni kwenye mvua, maboga mikononi, vitunguu, vikapu vya jamu, bwana mmoja amezifunika karoti zake kwa koti lake mwenyewe. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Hakuna aliyekuja kwangu. Nikasubiri. Maud akachukua mwavuli akaenda kuuliza. Akarudi amelowa viatu.

"Wanasema wasikusumbue," akasema. "Eti unapumzika."

Ikabidi nijipeleke mwenyewe. Nikapita kando ya foleni taratibu, nikautoa ufunguo, nikauinua kidogo ili walio nyuma nao wafaidi. Haukuingia. Nikaugeuza. Haukuingia. Tidball akaninong'oneza, "Bwana Ambrose, si nilikwambia Jumanne kwamba nabadilisha kitasa? Ukaniitikia ndiyo, ndiyo."

Watu wakatazama mawingu. Hakuna aliyeuliza kwa nini ninayo nakala. Hakuna aliyeuliza nani alichezea kisanduku. Bi. Philippa alinitazama kidogo tu, kisha akasema bustani zilikuwa na kiu kweli. Ningeona afadhali wangenitukana.

Ndipo Maud akapaza sauti. "Jamani, mtasimama hapa mpaka maboga yaote mizizi? Kwetu kuna meza. Twendeni."

Bi. Philippa akasema hapana, watatutia taabuni. Maud akasema twendeni. Bi. Philippa akasema lakini jamani, matope haya yote. Mara ya tatu hakusubiriwa, Maud alikuwa ameshachukua boga lake na kuondoka nalo.

Nyumba ikajaa. Maboga kwenye ngazi, vitunguu juu ya piano, jamu kwenye kitanda cha wageni, majaji wanakanyagana koridoni. Boga la Tidball halikuenea popote ila kwenye beseni la kuogea, na likashinda. Bi. Hobday alikaa kwenye kiti changu akanisimulia nyonga yake mwanzo mpaka mwisho. Mkata nyasi anagombana na kasisi. Binti wa muuza nyama ana mchumba, tena wa Thornley, mji wa jirani. Kengele haikupumua, na kila ilipolia nilifungua mimi. Nimefurahi. Sikumbuki lini nilifurahi hivi. Nyumba nzima inanuka vitunguu na sitafungua dirisha.

Jumatatu, 4 Septemba

Jua, ajabu.

Bi. Philippa na Tidball wamekuja baada ya kifungua kinywa. Fundi amekikata kisanduku. Tidball, kofia mkononi, akakiri kwamba vyombo vya namba havina maana, ukumbi unahitaji mtu na mlango wa kugongwa. Alikiri vizuri, karibu nimpende. Bi. Philippa akauweka ufunguo mpya mezani, mbele yangu, akaniomba niuchukue tena.

Mkono ulikuwa umeshaondoka gotini. Lakini nikajiambia, mtu wa heshima hanyakui. Nikashika mgongo. Nikasema, "Aa, mimi tena? Tafuteni mwenye nguvu zake."

Bi. Philippa akasema wanaelewa kabisa, na ni aibu kumsumbua mtu mara mbili. Akageuka. "Maud, wewe je?"

"Lete," Maud akasema.

Mara ya kwanza! Hata chai hakuwa ameimimina.

Ufunguo uko kwenye msumari uleule. Kengele imelia leo kutwa. Nimefungua mlango kila mara, na kila mara wameniuliza, kwa adabu zote, kama Maud yupo. Nawapisha. Wanapita na keki inaliwa jikoni, mlango umerudishwa, nasikia vicheko tu.

Usiku Maud ameniambia shida yangu ni moja, nasema hapana ninapotaka ndiyo. Nimelifikiria jambo hilo kwa makini, kwani mwanamke huyu si mjinga. Amekosea. Shida ilikuwa ufunguo wenyewe. Ni kitu kidogo mno, watu hawaoni wanachokipoteza. Bendera je? Bendera inaonekana mpaka Thornley.

Jumapili baada ya ibada nitamwambia kasisi kwamba nimechoka kuipandisha. Yule ana moyo laini. Atanibembeleza.