Kijiko Kimoja cha Mgando

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimehukumiwa. Wiki nne! Hakimu ni yule binti wa lishe pale zahanati, mwembamba kama ufito. Kanizungushia utepe tumboni kama anayenishonea suti, kisha akaandika karatasi. Ngano, hapana. Sukari, hapana. Nyama nyekundu, mayai, vya kukaanga, hapana, hapana, hapana. Maziwa, hapana, na chini yake kapiga mistari miwili. Ati ndiyo yanayoniwasha ngozi na kunivimbisha. Nikauliza kama nimebakiziwa hewa. Akasema hewa ruksa, babu, ila usiishibe.

Baadaye huruma ikamwingia. Kila siku nusu kikombe cha kitu kilichochachuka, kwa faida ya utumbo. Nichague kimoja mwenyewe: kabichi, uji mchachu wa mtama, au tui la nazi lililogandishwa. Jumatatu ijayo nikamwambie. Nikamwambia palepale, nachagua maziwa ya mgando. Akasema hayamo. Nikasema nimeshachagua. Akamwita mgonjwa mwingine.

Binti yangu, fundi cherehani ninayeishi naye, kaibandika karatasi juu kabisa ya mlango wa friji nisiifikie. Amesahau baba yake alikuwa mpaka rangi. Nilipanda ngazi kabla yeye hajaota meno!

Jumanne, 5 Machi

Nimeonja kabichi. Ni kama kutafuna taulo la kinyozi.

Sasa niandike jambo la maziwa, maana binti wa lishe hakunipa nafasi ya kulieleza. Mama watoto alipoolewa alikuja na sanduku moja na chupa ya mgando, kapewa na mama yake. Hiyo ndiyo mbegu. Unachemsha maziwa, unayaacha yawe vuguvugu, unatia kijiko cha mgando wa jana, unafunika kitambaa. Kesho yameganda. Unachota kijiko, unaanza upya. Ukizembea siku chache, imekufa, na dukani haiuzwi. Miaka arobaini na moja hakuruka siku. Ametangulia mwaka juzi, na mimi sijaruka. Picha zake zote kafumba macho. Lakini nikiyanywa yale maziwa, yupo. Ananiambia nifute mdomo.

Kwa hiyo kugandisha lazima nigandishe, kunywa ndiyo siruhusiwi. Binti hayapendi, yanamkereketa. Ikabidi nitafute mdomo wa kuazima. Mtaa mzima hakuna mdomo mpana kama wa shemeji yangu, kaka wa marehemu, fundi viatu. Nilimwambia aje saa kumi. Saa tisa na nusu alikuwa mlangoni, kikombe kaja nacho!

Jumatano, 6 Machi

Katia sukari! Vijiko vitatu! Mbele yangu!

Anakunywa kafumba macho. Anashusha pumzi. Analamba sharubu, kwanza kulia, halafu kushoto. Kisha ananipa pole na kuniuliza kabichi inaendeleaje, tumeshazoeana? Akaongeza kwamba maziwa haya ni ya kwao, mimi niliokota tu embe lililodondoka. Nikamjibu embe lenyewe ndilo lililoruka ukuta likanifuata. Akasema basi lilikuwa limeoza upande mmoja, upande wa macho. Binti kacheka mpaka sindano ikakatika. Msaliti.

Alipoondoka nikabaki nanusa kikombe chake. Kunusa hakumo kwenye karatasi, nimepanda juu ya kiti kuhakikisha.

Nikiwa hapo hapo juu ya kiti, akili ikanijia. Tui la nazi limeruhusiwa! Mbegu ikikubali kuhamia kwenye tui, nitamnywa mama watoto kihalali, nusu kikombe kila siku, na sahihi ya zahanati juu yake. Nimechanganya rangi miaka thelathini na minane. Nyeupe kwenye nyeupe hata mwanafunzi wa siku ya kwanza haharibu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekuna nazi mbili na kidole kimoja. Tui zito, la kupendeza, ningeweza kulipaka ukutani. Swali likawa nitie mbegu kiasi gani. Kazini kwetu tulijua: rangi kidogo kwenye ndoo kubwa haionekani, unapoteza muda. Nikatia yote. Nimekoroga kwa kijiti changu cha zamani, unakoroga upande mmoja tu, usirudi nyuma. Nimefunika kitambaa.

Shemeji alikuja na kikombe chake nikamwambia leo hakuna, kiwanda kinahama. Aliondoka bila ubishi. Si kawaida yake.

Ijumaa, 8 Machi

Juu maji. Chini kitu kama chokaa iliyolala. Harufu ya soksi. Nimeonja. Hayupo.

Nikasema haidhuru, turudi kwenye maziwa. Nikachemsha, nikapooza, nikachukua kijiko, nikafungua chupa. Tupu. Niliiosha mwenyewe jana! Yote nilitia kwenye nazi!

Nilikaa kwenye ndoo jikoni, kijiko mkononi. Cherehani ikanyamaza. Binti akaja, nikamwambia. Yeye asiyeyapenda maziwa yale akakaa sakafuni na gauni la mteja mapajani, akaniuliza, baba, yaani mama ameisha?

Nikaanza kuosha kijiko kisafi.

Baadaye akajipangusa kwa pindo la gauni la watu, akasema kuna jambo alilificha ili tusigombane. Jumatano alimwona mjomba wake akimimina mgando kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kuitia mfukoni. Mwizi! Nikamwombea maisha marefu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemkuta benchini nje ya kinyozi, anacheza drafti. Hakukana. Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti, anatembea nayo kama kitambulisho. Kasema nitaipata kwa sharti moja: niseme mbele ya watu wote hawa kwamba sikumstahili dada yake. Kinyozi akazima mashine asikie vizuri. Mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, akatoka nje na shuka shingoni.

Nilipanga kusema haraka kama mtu anayemeza dawa. Nikasema, sikumstahili dada yako. Kumbe neno lilikuwa na ndugu zake nyuma. Nikasema alinifulia nguo za rangi miaka yote hiyo na hakuna hata siku moja niliyompakia chumba kwa rangi aliyoitaka, maana nilileta nyumbani mabaki ya kazi za watu. Alitaka buluu. Alilala kwenye kijani cha hospitali mpaka alipofariki.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akatazama kete zake. Akasema taratibu kwamba hata kwao hawakumstahili, walimtoa shule ili yeye, kaka mtu, asome, na yeye shule akaikimbia. Akanipa chupa. Akanishinda drafti mara mbili, nikaacha.

Njiani niliinusa. Kunusa ruksa. Kwenye ngazi za nyumbani nikafungua kifuniko ninuse vizuri. Pua na ulimi, Mungu kaviweka jirani mno, hilo si kosa langu. Alikuwepo. Kasema nifute mdomo. Nilipofika juu chupa ilikuwa imebaki kijiko kimoja.

Jumapili, 10 Machi

Ngozi inawaka, tumbo ngoma. Binti kanitazama, katazama chupa. Kachemsha maziwa, kayaacha yapoe mezani, kaniambia nitie kile kijiko yakifika vuguvugu, kisha katoka kupeleka magauni. Kaniamini! Yule ni mtoto wa mama yake.

Maziwa yamefika vuguvugu. Nimeyapima kwa kidole.

Ila nimepanda tena juu ya kiti, nimeisoma karatasi mstari kwa mstari. Karanga hazimo! Si kwenye hapana, si popote. Binti wa lishe kazisahau. Karanga zikitwangwa na kukamuliwa zinatoa maziwa meupe kabisa, kesho asubuhi naenda kumwambia nimechagua nini, na kosa la Alhamisi halikuwa wazo, lilikuwa kijiti. Kijiti kilikuwa na rangi ya mafuta. Nimeshatwanga na kukamua, na leo nimetumia mwiko.

Nusu kijiko huku, nusu kule? Haitashika popote. Fundi hagawi: chote kwenye karanga. Na mambo yakiharibika, shemeji atakuwa kabakiza nyingine. Sikumuuliza, lakini mwizi gani habakizi? Nitarudi pale benchini niseme tena. Yapo mengi sikuyamaliza.

Nimeshamimina.